Nani Alilipa Nauli?
Historia ya reli yetu, na swali kama maendeleo ni lazima yadai kafara



Kamati ya jarida iliniomba niandike kitu cha historia kwa ajili ya sherehe hizi, na swali nililopewa ni hili: je, maendeleo ni lazima yadai kafara? Nilikubali haraka kwa sababu nilidhani jibu ninalo. Nimelihubiri miaka mingi. Hakuna taji bila msalaba, hakuna mavuno bila jasho, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Watu huitikia amina mpaka inasikika barabarani. Lakini nilipokaa chini kuandika, nikachukua historia ya njia ambayo wengi wetu tunaipita tukija mikutanoni, nikaona kwamba amina yangu ilikuwa ya haraka mno.

Njia yenyewe ni reli. Ukitoka Mombasa kwa basi, ile reli ya zamani iko nawe karibu safari nzima: Voi, Tsavo, Mtito Andei, Makindu, mpaka Nairobi, halafu Nakuru. Ndugu zetu wa Uganda wanaijua upande wa Tororo, Jinja na Kampala, ilikofika mwaka 1931. Ndugu wa Moshi wanajua kipande kilichotoka Voi kupitia Taveta, kilichojengwa wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Tangu 2017 kuna reli mpya ya SGR kutoka Mombasa, na ile ya zamani sehemu nyingine imeota majani. Lakini miji tunayoijua leo ilikua juu yake, na injili nayo ilipanda bara kwa mabehewa yake. Sasa hebu tuulize: nauli ya kwanza ya reli hii ililipwa na nani?

Mzigo ulipokuwa kichwani

Tuanze kwa haki. Reli ilileta faida, na mtu asikudanganye vinginevyo. Kabla yake, kila kitu kilichoingia bara kutoka Mombasa au Bagamoyo kilibebwa na mtu: vitambaa, shanga, bunduki, hata Biblia. Pembe za ndovu zilishuka pwani vilevile, kichwani na mabegani. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30, na safari ya pwani mpaka Buganda ilichukua kama miezi mitatu mambo yakienda vizuri. Wapagazi wengine walilipwa, wengine walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Aliyeugua njiani mara nyingi aliachwa hapo hapo.

Oktoba 1885 Askofu James Hannington alikuwa akipita njia hiyo kwenda Buganda. Aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Habari zake zimeandikwa, na kanisa linamkumbuka kila mwaka. Lakini hakufa peke yake. Wapagazi wake wengi waliuawa pamoja naye, kama watu 50. Umewahi kusikia jina la mmoja wao likitajwa kanisani? Mimi sijasikia. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Kwa hiyo mtu aliyesema wakati ule kwamba reli itashusha mzigo kutoka kichwani mwa mwanadamu, alisema kweli. Treni ilipoanza kwenda, safari ya miezi ikawa ya siku. Misafara ya wapagazi katika njia ile ikafa. Hayo ni maendeleo, na sisi tulio watoto wa maendeleo hayo tusijifanye hatukuyala.

Maili moja, watu wanne

Uingereza iliifanya Uganda kuwa himaya yake mwaka 1894, na nchi tunayoiita Kenya mwaka uliofuata. Ilitaka kufika ziwani na kwenye chanzo cha mto Nile kabla mataifa mengine hayajafika. Bungeni London wapo walioipinga reli hiyo na kuiita reli ya wendawazimu, lakini pesa zikapitishwa. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, aliingia Mombasa Desemba 1895, na kazi ikaanza 1896. Mei 1899 reli ilifika kwenye kinamasi cha maji baridi ambacho kwa lugha ya Wamaasai ndicho kilichotupa jina la Nairobi. Tarehe 20 Desemba 1901 ikagusa ziwa, hapo Kisumu. Msumari wa mwisho ulipigiliwa na Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa vyuma, na kwa muda mahali pale pakaitwa Port Florence kwa heshima yake. Umbali wote ni maili 582, yaani kilomita 930 na kitu.

Sasa sikiliza hesabu. Kutoka India waliletwa vibarua karibu 32,000, wengi wao watu wa Punjab, kwa mikataba ya miaka mitatu. Kati yao walikufa 2,493. Wengine zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au wameumia wasiweze tena kufanya kazi. Ukigawanya waliokufa kwa maili za reli unapata watu wanne kwa kila maili, na bado wengine wanabaki. Ukiwa kwenye basi, hesabu vibao vya barabarani: kila maili moja, Wahindi wanne.

Watu wengi wakisikia habari za reli hukumbuka simba wa Tsavo tu. Ni kweli, mwaka 1898, kuanzia Machi mpaka Desemba, simba wawili walikuwa wakiingia kambini usiku na kuwatoa watu kwenye mahema. Mwanzoni mwa Desemba vibarua walichoka. Walilala juu ya reli, wakasimamisha treni, wakapanda wakaenda zao Mombasa, na kazi ya daraja ikasimama. Mhandisi wa daraja, John Patterson, aliwaua simba wote wawili mwezi huo huo, na leo wamekaushwa wamewekwa makumbusho kule Chicago, Marekani.

Lakini kuna mambo mawili katika habari ya Tsavo ambayo hatuyasemi. La kwanza, simba walikula watu makumi, na hata hesabu kubwa kabisa inayotajwa ni mia na kitu. Walioangushwa kwa maelfu waliangushwa na malaria, kuhara damu, vidonda vilivyooza na funza wa miguuni. La pili ndilo lililonichoma. Patterson mwenyewe aliandika kwamba Wahindi walioliwa walikuwa 28, na kwamba walikuwapo pia Waafrika wengi, ila hesabu yao haikuwekwa. Ndugu yangu, simba alipomchukua Mhindi, karani aliandika. Alipomchukua Mtaita au Mkamba au Mswahili wa pwani, karani hakufungua daftari.

Wasioulizwa

Reli iligharimu Waingereza zaidi ya pauni milioni 5, na serikali ilitaka pesa hiyo irudi. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kuleta walowezi walime mazao ya kusafirishwa. Ili walowezi wapate shamba, wenyeji wakaondolewa. Wamaasai walihamishwa kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911. Wanandi walipinga tangu miaka ya 1890. Walichukua nyaya za simu na vyuma vya reli, na kwa miaka kama kumi hawakunyamaza. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, akampiga risasi hapo hapo. Baada yake mamia ya Wanandi waliuawa, na waliobaki wakasogezwa mbali na reli.

Ukimuuliza mtawala wa wakati ule angekuambia: hiyo ndiyo bei ya maendeleo. Lakini angalia anayesema neno hilo yuko upande gani wa kaunta. Bei inatajwa na mmoja, inalipwa na mwingine, na bidhaa inachukuliwa na yule aliyeitaja.

Miaka kumi baadaye vita vya kwanza vya dunia vikaingia kwetu. Reli na bandari vilileta askari upesi, lakini porini hakukuwa na reli, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Basi mzigo ule ambao reli ilisema imeushusha ukarudi kichwani mwa mtu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi karibu milioni moja kutoka nchi mbalimbali, na kadiri vita ilivyoendelea wengi walikamatwa tu vijijini. Wajerumani walichukua watu wa Tanganyika, Rwanda na Burundi, na hawakuweka hesabu ya maana. Wabelgiji walichukua Wakongo, wakaingia nao Rwanda na Burundi mwaka 1916 mpaka Tabora. Yaani katika nchi zote zinazosoma jarida hili, hakuna ambayo haikutoa wabebaji.

Upande wa Waingereza, waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja. Risasi iliwaua wachache. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, tumbo likakataa. Watu wa joto walipelekwa kwenye baridi bila blanketi la kutosha. Kuhara, nimonia na malaria vilimaliza kazi. Mishahara ya maelfu waliokufa haikufika kwa familia zao.

Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Wazee wetu walilitamka walivyoweza, na ndiyo maana Dar es Salaam tuna Kariakoo na Nairobi tuna Kariokor. Mama anayenunua nyanya Kariakoo anataja kambi ya wapagazi kila siku bila kujua. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia moja ilipita kabla mtu hajasema samahani.

Lakini bila wao tungepata reli?

Nasikia mtu anauliza: mwinjilisti, bila hao kufa, sisi tungesafiri na nini? Ni swali zuri. Ndilo nililokuwa nalijibu vibaya.

Kazi ndiyo iliyojenga reli. Aliyebeba chuma, aliyepasua jiwe, aliyetandika ballasti, huyo ndiye aliyeijenga, na siku alipokufa aliacha kujenga. Kifo chake hakikuongeza hata msumari mmoja. Vifo vililetwa na maji machafu, matibabu machache na haraka ya wakubwa, na haraka hiyo haikuwa agizo la Mungu.

Tazama reli nyingine, ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860, karibu mara mbili ya ile ya Mombasa na Kisumu, ikipita milima na mabonde mabaya sana. Ilikuwa na jasho na ilikuwa na vifo. Wachina zaidi ya 60 walikufa, na wapo Watanzania na Wazambia waliokufa pia. Siwezi kusema ilikuwa bure. Na ni kweli dawa za 1970 zilikuwa bora kuliko za 1896, lazima tuseme hivyo kwa haki. Lakini watu hawakufa wanne kwa kila maili, na Wachina waliokufa wamezikwa Gongo la Mboto wakiwa na mawe yenye majina, na mpaka leo wageni kutoka kwao huja kuweka maua. Nchi tatu zilikaa mezani zikakubaliana, kwa sababu Zambia ilihitaji njia isiyopita kwa serikali za makaburu wa kusini.

Kwa hiyo jibu langu limegawanyika. Maendeleo yana gharama, hilo halina ubishi. Bwana wetu mwenyewe katika Luka 14 alisema ajengaye mnara akae kwanza ahesabu. Lakini gharama si lazima iwe kafara. Na palipo na kafara, swali la kwanza ni hili: aliyelipa alijitoa, au alitolewa? Angalia Kiswahili chetu kilivyo na hekima. Kujitoa na kutolewa yametoka kwenye kitenzi kimoja, lakini kati yake kuna umbali wa mbingu na nchi.

Waliojitoa

Wapo waliojitoa kweli, na tusiwasahau. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosine. Hawakumaliza mwaka. Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa ikamchukua mama, halafu mtoto naye. Kaburi liko upande wa Nyali mpaka leo. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Alibaki, akajifunza Kiswahili, akaanza kutafsiri Maandiko, na mwaka 1846 akafungua kituo Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Unaposhika Biblia ya Kiswahili, unashika kitu ambacho mizizi yake inafika kwenye kaburi lile.

Mwaka 1895 Peter Cameron Scott alianzisha kazi Ukambani. Desemba 1896, mwaka ule ule reli ilipoanza, alikufa kwa homa akiwa na miaka 29. Wenzake wengi walikufa au wakarudi kwao, ikafika wakati akabaki Willis Hotchkiss karibu peke yake. Huyo Hotchkiss baadaye alirudi na wenzake wawili, wakapanda treni mpaka Kisumu, na mwaka 1902 wakaanza kazi Kaimosi. Katika eneo hilo hilo la magharibi, si mbali na hapo, ndipo kazi ya Kipentekoste ya Nyang'ori ilipokuja kuchipuka. Mnaona jinsi mambo yalivyoshikana. Injili ya waliojitoa ilipanda treni iliyojengwa na waliotolewa.

Na hata hapa niseme jambo gumu. Rosine alichagua kuja. Yule mtoto mchanga hakuchagua.

Kayafa, Hieli na Daudi

Katika chuo cha Biblia tulifundishwa kutafuta Neno lina watu wa namna gani kabla ya kutoa fundisho. Nimepata watatu.

Wa kwanza ni Kayafa, katika Yohana 11. Alipiga hesabu akaona inafaa mtu mmoja afe ili taifa lipone. Yohana anatuambia kwamba bila kujua alitabiri, na ni kweli Yesu alikufa kwa ajili ya watu. Lakini Kayafa hakuwa mtakatifu kwa sababu hiyo. Sura moja kabla, katika Yohana 10:18, Yesu alikuwa ameshasema kwamba hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa mwenyewe. Msalaba ni mmoja, ila Kayafa alikuwa anatoa cha mwenzake na Yesu alikuwa anatoa chake. Wajenzi wengi wa maendeleo hunukuu msalaba wa Yesu huku wakipiga hesabu ya Kayafa.

Wa pili ni Hieli wa Betheli, katika 1 Wafalme 16:34. Huyu aliujenga upya Yeriko, na gharama ikawa mzaliwa wake wa kwanza Abiramu kwenye msingi, na mdogo Segubu kwenye malango. Walimu wanatofautiana kama aliwachinja au walikufa kwa laana ya Yoshua. Vyovyote iwavyo, mji ulisimama na nyumba yake ikabaki tupu. Sisi Wapentekoste tuna ukali sana na mambo haya. Tukisikia tajiri fulani ametoa kafara mtu wa nyumbani ili biashara iende, tunafunga na kukemea usiku kucha. Tunafanya vizuri. Lakini tusimkemee jirani tu.

Wa tatu ni Daudi, 2 Samweli 23. Alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Hao walijitoa wenyewe, hawakuamriwa. Hata hivyo Daudi alikataa kuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani ya kile chombo damu ya watu. Huyo ndiye kiongozi. Yaani hata pale mtu amejitoa kwa hiari, kiongozi wa Mungu hameng'enyi hiari ya mwenzake kama chakula cha kawaida.

Karo ya muhula mmoja

Sasa nieleze kwa nini somo hili limenikalia shingoni.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mkutano wa injili ng'ambo ya mpaka. Vyombo vya kukodi vilikuwa havijalipiwa na jenereta haikuwa na mafuta. Nyumbani kulikuwa na pesa ya karo ya binti yetu, au ada kama ndugu wa Tanzania wanavyosema. Niliichukua. Mkutano ulifanyika, watu wakaokoka, sikatai, na utukufu ni wa Bwana. Tuliporudi nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba nimetoa dhabihu kwa ajili ya kazi ya Mungu. Watu walishangilia. Mke wangu alikuwa ameinama, hakupiga makofi.

Binti alikaa nyumbani muhula mzima. Siku moja alikuwa anaosha vyombo, nikapita, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Baba, wewe ulitoa nini?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nimekula, nimehubiri, nimeitwa jemedari. Aliyetoa ni yeye, na hakuulizwa. Nilikuwa Hieli mdogo wa kijijini. Nilimwomba msamaha na alinisamehe, lakini muhula ukipita umepita. Wenzake walitangulia darasa.

Wapendwa, ushirika wetu umekua, na katika sherehe hizi tutasikia ushuhuda mwingi wa kukua. Ni haki yetu kufurahi. Lakini naomba tusifurahi kama wale wenye reli. Nani alilipa nauli yetu? Wapo wainjilisti waliokufa barabarani wakienda mikutanoni, na wajane wao wanaishi katikati yetu. Wapo akina mama waliopika usiku kucha kwa wageni mia na hawakusikia hata neno moja la mahubiri. Wapo madereva waliolala ndani ya gari mpakani. Wapo watoto wa watumishi wanaolichukia kanisa, nasi tunasema ni shetani, kumbe ni sisi tuliowatoa madhabahuni bila kuwauliza.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa viongozi wa kila nchi. Moja, kabla ya kumtuma mwinjilisti, aulizwe nyumba yake imekulaje na watoto wamelipiwa karo. Kama hapana, kanisa lianze hapo, hata kama mkutano utasogezwa mwezi mmoja. Roho za watu hatuzijali kidogo tukifanya hivyo, maana hata wale watoto wana roho. Mbili, tunapoomba sadaka ya kujitoa, aliyeshika kipaza sauti atangulie kuweka cha kwake, cha mfukoni mwake mwenyewe. Tatu, kila tawi lifungue daftari moja, liandike majina ya waliotumika tangu mwanzo: wapishi, wabebaji wa mabenchi, waliotoa nyumba zao, waliokufa kazini. Daftari hilo lisomwe kwa sauti siku ya kilele kabla ya keki kukatwa.

Karani wa Tsavo hakuandika. Sisi tunajua kwamba liko kitabu mbinguni ambamo kila jina limeandikwa, la Mtaita, la Mkamba, la Mnyamwezi, la mpagazi wa Hannington. Kama Bwana wetu anaandika majina, watumishi wake wanaacha kuandika kwa sababu gani?

Wa kwanza katika daftari la tawi letu nimeshamwandika. Ni msichana aliyekaa nyumbani muhula mmoja ili watu wa nchi nyingine wasikie Neno. Nilimwomba ruhusa kwanza. Alifikiri kidogo, akasema sawa, lakini niandike kwamba hakupenda. Nimeandika hivyo.

Mungu awabariki sana. Tuonane kwenye mkutano mkuu, Bwana akichelewa kurudi.